Mhindu ni Nani?

Msomaji, lugha yetu ina maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini. Tofauti ni ya herufi moja tu, lakini maana zake zi mbali.

V. D. Savarkar, katika kitabu chake *Hindutva* cha mwaka 1923, alijaribu kuziunganisha. Kwake, Mhindu ni yule aionaye Bara Hindi kuwa nchi ya baba zake na tena nchi yake takatifu. Hoja hii ina nguvu yake. Uhindu hauna mtume mmoja wala kitabu kimoja, na jina lenyewe latokana na mto Sindhu; basi mwandishi alitafuta kamba ya kufunga pamoja ibada nyingi.

Lakini kamba hiyo ni fupi. Watu wengi wa Bali, kisiwa cha Indonesia, ni Wahindu, na nchi ya baba zao ni Bali. Je, hao tuwaiteje? Naye Mwislamu wa Delhi, ambaye wazee wake hawakujua nchi nyingine, kitabu humtoa katika taifa kwa kuwa nchi yake takatifu ni Uarabuni.

Sheria ya ndoa za Wahindu iliyotungwa India mwaka 1955 ina busara zaidi: haimpimi mtu kwa mahali alipozaliwa, na aliyeingia dini hiyo ukubwani huhesabiwa Mhindu.

Basi usomapo kitabu kipimacho watu, tazama kwanza ni nani aachwaye nje ya mizani.