"Uti wa Mgongo": Istilahi Moja, Mizigo Mitatu

Mwendesha baiskeli ya umeme akigongwa na gari huko Mikumi au Munisagara, taarifa yaweza kusema: "Ameumia uti wa mgongo." Maneno hayo hayatoshi.

Istilahi hiyo imetwishwa mizigo mitatu: mhimili wa pingili za mifupa, neva kuu ipitayo ndani yake, na, katika "homa ya uti wa mgongo", utando unaofunika ubongo na neva hiyo. Homa na iachwe, kwani jina lake limekwisha zoeleka. Hatari imo katika miwili ya kwanza. Pingili yaweza kuvunjika na neva ikasalimika. Neva ikikatika, viungo hupooza. Mwalimu wa huduma ya kwanza asiyeitenganisha hawezi kueleza kwa nini majeruhi asinyanyuliwe ovyo: pingili iliyovunjika, ikisogezwa, yaweza kuharibu neva iliyokuwa nzima.

"Uti" maana yake ni shina. Basi lawafaa mifupa. Kwa neva twapendekeza "ugwe wa mgongo", kwani ugwe ni kamba nyembamba, na neno hilo si geni. Wafasiri na waandaaji wa fomu za hospitali na polisi ndio wa kuanza.