Neno «Gia» na Mlima wa Kamachumu: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi

Mikononi mwa mafundi wachache wa Bukoba na Muleba kimekuwa kikipita kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine, kinachoeleza namna ya kujiundia baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mwendeshaji wake hukaa chini na kuegama, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri hakuandika jina lake. Tunampongeza kwa kazi hiyo, maana si wengi wanaojitolea kuwafasiria mafundi. Hata hivyo hapana budi tuonyeshe kasoro za istilahi zilizomo, kwa kuwa kasoro hizo zimekwisha kumgharimu mtu fedha na jasho.

Kasoro ya kwanza ni neno «gia». Kijitabu kinalitumia kwa dhana tatu zilizo mbali. Mahali pamoja gia ni gurudumu lenye meno linalovutwa na mnyororo. Mahali pengine ni ule mpangilio anaouchagua mwendeshaji apandapo au ashukapo. Mahali pa tatu ni uwiano wa meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Kisha, katika sura ihusuyo milima, msomaji anaamriwa hivi: achague gia ndogo.

Tukiri kwamba tulipoisoma amri hiyo mara ya kwanza hatukuona ubaya wake. Aliyetufumbua macho ni fundi mmoja wa Muleba, aliyemuundia ndugu yake baiskeli ya namna hiyo kwa sababu ndugu huyo hawezi kujimudu juu ya magurudumu mawili. Baiskeli ilikwenda vyema mahali tambarare, lakini ilikataa kabisa katika kilima cha kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu. Fundi akafungua kijitabu, akasoma, akanunua gurudumu dogo la meno, akalitia nyuma. Baiskeli ikazidi kuwa nzito. «Ndugu,» alituambia, «kitabu kimesema gia ndogo, nami nimeiweka ndogo. Sasa kosa ni la nani?»

Kosa halikuwa lake. Kwa wenye mazoea ya baiskeli ya kawaida, ambayo hubadilishwa gurudumu la nyuma tu, gia ni hilo la nyuma. Mfasiri alikusudia uwiano mdogo, na uwiano mdogo hupatikana kwa kufanya kinyume: meno machache mbele, meno mengi nyuma.

Tuwaonyeshe wasomaji hesabu yenyewe, kwani istilahi isiyopimwa kwa kazi yake haijulikani kama inafaa. Baiskeli ya fundi yule ilikuwa na meno 44 mbele na meno 20 nyuma, yaani uwiano wa 2.2. Gurudumu lake la nyuma ni la inchi 20, na mzingo wake hukaribia mita 1.6. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa pedali uliisogeza baiskeli mita 3.5. Tuseme mtu, baiskeli na mzigo vina uzito wa kilo 120, na njia inapanda mita 10 katika kila mita 100. Ikiwa mkono wa pedali una urefu wa sentimeta 17, mguu utatakiwa kusukuma kwa wastani nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 39, bila kuhesabu msuguano. Fundi alipoweka meno 16 nyuma, uwiano ulipanda hadi 2.75, na mzigo wa mguu ukawa kilo 49. Lau angaliweka meno 22 mbele na 34 nyuma, kama yapatikanavyo katika baiskeli za milimani, pedali ingalihitaji kilo 12 tu, na kila mzunguko ungalisogeza baiskeli mita moja na kidogo. Neno moja lenye maana tatu limemtoa mtu kwenye kilo 39 na kumpeleka kwenye 49, ilhali haki yake ilikuwa 12.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutumia «gia ya chini» na «gia ya juu». Hatuafiki. Maneno hayo ni kivuli cha Kiingereza, na yafikapo mlimani hupotosha zaidi. Msomaji wa Kamachumu atadhani, na ana haki ya kudhani, kwamba gia ya juu ni ya kwendea juu. Wengine hupendekeza «gia nzito» na «gia nyepesi». Haya yana uzuri wake, maana yametokana na hisia ya mguu. Lakini mtu aliyezoea magari makubwa aweza kuita nzito ile yenye nguvu ya kuvutia mzigo, na hiyo ndiyo ambayo mwendesha baiskeli ataiona nyepesi. Tutakuwa tumeuhamisha utata, hatujauondoa.

Kiswahili kina njia yake ya kale ya kuvitaja vitu kwa kazi yake. Twasema fimbo ya kutembelea, kisu cha kukatia, maji ya kunawia. Basi iwe gia ya kupandia, na gia ya tambarare. Mnyambuliko huo hauhitaji maelezo, wala hautegemei ukubwa wa kitu chochote. Neno «gia» lenyewe limekwisha kuingia katika lugha, na hatuoni sababu ya kulifukuza. Lakini libaki na dhana moja tu, yaani mpangilio anaouchagua mwendeshaji. Kile chuma chenye meno kiitwe gurudumu la meno, la mbele au la nyuma. Hesabu iitwe uwiano wa meno, na ya mbele itajwe kwanza daima: 22 kwa 34. Umbali ambao baiskeli husogea kwa mzunguko mmoja wa pedali twapendekeza uitwe hatua ya pedali, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba apandaye mlima hufupisha hatua.

Kasoro ya pili ni jina la chombo. Kijitabu chakiita «baiskeli ya kulala». Mwendeshaji halali, ameegama, na mgongo wake una kiegemeo. Baiskeli ya kuegama ndilo jina lifaalo. Msomaji asidhani kuwa hii ni mizaha ya wanaisimu. Chombo hiki kina historia yake: mwaka 1933, huko Paris, Francis Faure alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja kwa kwenda zaidi ya kilometa 45 juu ya baiskeli ya namna hii iliyoundwa na Charles Mochet, na mwaka 1934 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli likazitoa katika mashindano yake. Ni chombo chenye tabia yake, na jina lapasa kuibeba tabia hiyo.

Kwa kulipuuza jambo hilo, mfasiri amemnasihi mwendeshaji asimame juu ya pedali kilima kikizidi, shauri lililotoka katika baiskeli ya kawaida. Aliyeegama hawezi kusimama, wala uzito wa mwili wake haumsaidii kukanyaga. Kwa sababu hiyo ahitaji hatua fupi kuliko mwenzake. Bahati njema, magurudumu matatu hayaanguki hata mwendo ukiwa wa polepole kuliko wa mtembea kwa miguu. Kwa hiyo hatua ya pedali yaweza kufupishwa hadi mita moja bila hatari ya kupinduka kwa kukosa kasi. Jambo hili, ambalo ndilo faida kuu ya chombo hiki milimani, halikutajwa popote.

Twawasihi wafasiri wa vitabu vya ufundi wasitosheke na kamusi. Waichukue sentensi yao karakanani, wamsomee fundi, kisha watazame mkono wake unashika chuma kipi. Akishika kisicho, sentensi irudi mezani. Nao walimu na maofisa walio karibu na karakana watuletee majina yanayotumika huko kwa viungo hivi, ili mapendekezo haya yapimwe kabla ya kusanifishwa. Fundi wa Muleba ameahidi kuyajaribu. Kwanza lakini itampasa kupata fedha za magurudumu mengine mawili ya meno.