Waandishi wa Ukurasa Mmoja na Nusu

Turubai likishafungwa Utemini au Majengo na viti vya kukodi vikapangwa, kamati ya mazishi huundwa papo hapo. Huyu ashike daftari la rambirambi, huyu afuatilie jeneza, vijana wapasue kuni, kina mama wajipange jikoni, mwenye gari akapokee wageni wa Iramba na Manyoni pale stendi. Kila kazi hupata mtu bila mabishano. Ipo moja tu ambayo ikitajwa watu hutazamana kwanza: nani ataandika wasifu wa marehemu?

Hapo hutajwa mtu yule yule aliyeandika wa msiba uliopita, na wa kabla ya huo. Hapa Singida Mjini mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mwinjilisti, au karani wa zamani wa halmashauri mwenye mwandiko unaosomeka. Halipwi. Anapewa chai, daftari la mistari na kona yenye taa, na kukicha anatakiwa awe ameyaingiza maisha ya miaka sabini katika ukurasa mmoja na nusu. Mimi huishi kwa kalamu, na bado nawaonea wivu. Wasikilizaji wao wamesimama juani, wanamjua vizuri anayezungumziwa, na jina la shangazi likirukwa, ugomvi wake unaweza kuvuka mwaka.

Kazi huanza kwa kuuliza, na ufundi wa kwanza ni kujua nani wa kuulizwa. Mjane usiku ule anaachwa apumzike. Anaulizwa shangazi, maana ndiye anayejua nani alitangulia kuzaliwa na nani alifia utotoni. Baba mdogo anaulizwa habari za ukoo, mwenzake wa kazini habari za vyeo, mzee wa kanisa habari za ubatizo na kipaimara. Kisha vinaletwa vyeti kwenye mfuko wa plastiki, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Kitambulisho cha taifa kina mwaka wake wa kuzaliwa, cheti cha ubatizo kina wake, na cheti cha shule hakikubaliani na chochote kati ya hivyo. Mwandishi mzoefu humrudia shangazi. Je, marehemu alikuwa anatembea wakati wa Uhuru? Alishaanza shule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa? Kati ya 1961 na operesheni ya miaka ya 1970 umri unapatikana, na shangazi mwenyewe anaridhika kwamba ameulizwa.

Baada ya hapo ni mpangilio, na mpangilio huo kila Mtanzania anaujua kwa masikio. Alizaliwa wapi, akiwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Alisoma wapi. Alifanya kazi gani na alistaafu lini. Alifunga ndoa na nani. Imani yake. Kuugua kwake, mpaka mauti yalipomfika. Aliowaacha: mjane, watoto, wajukuu, vitukuu. Mwisho yanatajwa maneno ya Ayubu kuhusu aliyetoa na aliyetwaa. Wapo wanaoudharau mpangilio huu na kuuita fomu ya kujaza. Waende wasimame nyuma ya umati siku ya upepo wa Singida, nusu ya maneno ya spika ikipeperukia upande wa ziwa Kindai. Aliyesimama huko bado anajua msomaji amefika wapi, kwa sababu njia anaijua. Na kwa kuwa njia anaijua, anagutuka mara moja anaposikia jambo ambalo hajawahi kulisikia kwenye wasifu wa mtu mwingine.

Masikio hayo yalifundishwa na redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, simu zikiwa za kuhesabika, tangazo la kifo ndilo lililomfikia ndugu aliyeko shambani Mtinko au kazini Tabora. Nyumba nzima ilinyamaza yanaposomwa matangazo hayo: jina la anayesikitika kutangaza, jina la aliyefariki, mahali kifo kilipotokea, kisha orodha ndefu ya ndugu na miji yao, habari ziwafikie popote walipo. Tangazo lililipiwa na muda wa hewani ulikuwa mfupi, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya sifa. Majina na mahali vilibeba msiba wote. Waandishi wa wasifu waliokulia kwenye masikio hayo hata leo wanaliamini jina la kijiji kuliko neno la kusifu.

Imani hiyo inaonekana wakati wa kufuta. Tuseme marehemu alikuwa mpiga tumba wa bendi ya baa hapa mjini. Rasimu inayoletwa na vijana wa familia itasema: “Marehemu alikuwa mcheshi, mtu wa watu, mwenye upendo kwa wote.” Mwandishi anaisoma, anaipigia mstari, anauliza: alifanya nini? Kimya. Anauliza tena: bendi ilipovunjika, tumba zilienda wapi? Hapo mtoto wa mwisho anacheka kidogo na kusimulia, na sentensi inazaliwa upya: “Bendi ilipovunjika, marehemu alizihifadhi tumba zote chumbani kwake, akazifunika kwa magunia ya alizeti, na hakukubali kuziuza.” Sentensi ya kwanza unaweza kuisoma kwenye msiba wowote wa wiki hiyo. Ya pili ikisomwa, waliowahi kuingia chumba kile wataitikia kwa vichwa, na wasiowahi watakuwa wameingia.

Waislamu, ambao mjini hapa ni wengi, hawana muda wa kukesha na karatasi. Aliyefariki alfajiri huenda akazikwa alasiri. Lakini ufundi wenyewe upo. Mtu wa familia husimama kwa dakika chache, huwaombea radhi waliokosewa, na hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Ukisikiliza vizuri, hayo nayo ni maisha ya mtu yaliyosemwa kwa kifupi: alikosana na nani, alikopa kwa nani, na nani atasimama kulipa.

Kazi huwa ngumu zaidi marehemu anapokuwa mtu wa jukwaani. Huyo kila aliyefika anaamini anamjua, na kila mmoja amekuja na wa kwake. Albert Mangwea alipofariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, mashabiki walimlilia Ngwair, mwana wa Chamber Squad ya Dodoma, aliyetoa albamu ya “a.k.a. Mimi”. Aliyezikwa Morogoro alikuwa Albert wa familia yake. King Majuto, aliyefariki 8 Agosti 2018, nyumbani Tanga alikuwa Amri Athumani. Bi Kidude, aliyetutoka 17 Aprili 2013, alikuwa Fatuma binti Baraka, na mwaka wake wa kuzaliwa hakuna cheti kilichoweza kuusema. Kwa watu hawa kazi ya kwanza ya wasifu ni kumrudisha marehemu kwa wenyewe. Jina la nyumbani hutangulia, na jina la jukwaani hufuata likipewa heshima yake. Ukianza na la jukwaani, mama mzazi amekaa mstari wa mbele anasikiliza habari za mtu ambaye hakumzaa.

Kwa mchekeshaji kuna mtihani mwingine: watu wacheke au wasicheke? Waandishi wazuri wanajua kicheko kina mahali pake katika karatasi ile, nacho ni kwenye kipengele cha kazi, kabla ya kuugua. Kikiwekwa mapema, familia inaona mzaha. Kikiwekwa baada ya hospitali, umati unashindwa kuvuta pumzi. Mahali penyewe ni padogo, na mtu kama Majuto, ambaye Watanzania walicheka kabla hajafungua mdomo, anastahili mwandishi anayejua pa kuachia.

Na kwa kijana mpangilio wenyewe hupungukiwa. Ulitengenezwa kwa ajili ya wazee: ndoa, watoto, wajukuu, kustaafu. Mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na hakuacha mjane. Kwa marehemu wa umri huo ile orodha ya mwisho inakwisha kabla msomaji hajameza mate. Nimeona waandishi wasio na uzoefu wakiliziba pengo hilo kwa vilio. Mzoefu anapanua vipengele vya juu, yaani shule, kwaya ya kanisani, kikundi cha kwanza. Kwa Kanumba palikuwa na kikundi cha maigizo cha Kaole na foleni ndefu ya filamu zilizofuata. Anayesikiliza anaondoka akijua mtu wa miaka 28 alijaza nini ndani ya miaka hiyo. Kuhusu kifo chenyewe, ambacho nchi nzima ilikizungumza, mpangilio una yale maneno yake ya zamani, mauti yalipomfika, yanayoiachia mahakama kazi ya mahakama.

Kipimo kigumu kuliko vyote, kwetu hapa, ni maisha ya Anna Elisha Mghwira. Taifa linamkumbuka kama mwanamke pekee kati ya wagombea urais wanane wa 2015, aliyeibuka wa tatu nyuma ya John Magufuli na Edward Lowassa. Kishawishi cha kuanzia hapo ni kikubwa. Lakini wasifu ulioandikwa Singida unaanza Mungumaji, ndani ya manispaa hii, tarehe 23 Januari 1959. Unapita teolojia aliyoisomea Makumira, sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ya uzamili ya sheria aliyoichukua Essex, Uingereza. Ukisomwa kwa mpangilio huo, 2015 haiji kama ajabu iliyodondoka kutoka mbinguni. Binti wa Mungumaji mwenye teolojia na sheria mkononi kusimama kuomba urais linakuwa jambo lililokuwa likija kwa miaka mingi.

Halafu kuna maungio. Alitoka Chadema, akawa mwenyekiti wa ACT-Wazalendo. Juni 2017 Rais Magufuli, aliyekuwa mpinzani wake katika uchaguzi, alimteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na Desemba mwaka huo huo akajiunga na CCM. Kwenye mkutano wa hadhara kila hatua katika hizo ina kivumishi chake, cha kusifu au cha kusuta, kutegemea nani ameshika kipaza sauti. Chini ya turubai vyama vyote vimekaa kiti kwa kiti, na wote wamekula wali wa sufuria moja. Mwandishi wa wasifu anafanya jambo ambalo wanasiasa hulishindwa na sisi waandishi wa magazeti hulikwepa: anataja mwaka, anataja tendo, anaweka nukta. Msikilizaji anajazia mwenyewe kivumishi chake, kimya kimya, na hakuna anayeinuka kwenye kiti. Kisha karatasi inafika 22 Julai 2021, Arusha, miezi michache tu baada ya yeye kuuacha ukuu wa mkoa. Maisha yenye vyama vitatu yanaweza kusomwa yote bila sentensi moja ya kujitetea.

Mtindo huu una baba yake katika maandishi yetu. Shaaban Robert alipoandika “Wasifu wa Siti binti Saad”, alikuwa anaandika habari za mwimbaji aliyekwisha kuwa gwiji, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Siti alifariki 1950. Shaaban hakuona haya kwamba Siti alizaliwa Fumba katika umaskini na kwamba alitembeza vyungu kabla ya kutembeza sauti. Vyungu vile ndivyo vilivyompa msomaji kipimo cha safari yake. Hakuna mwalimu mstaafu wa Majengo atakayekwambia anamwiga Shaaban Robert, lakini akiandika “alianza kwa kuuza vitunguu sokoni” mbele ya wajukuu wenye magari, na akakataa sentensi hiyo isifutwe, wanafanya kazi moja.

Inabaki kusoma. Msomaji mara nyingi ni mpwa au jirani, kwa sababu mtoto wa marehemu hatafika mwisho. Anaelekezwa asikimbie kwenye majina, apumzike baada ya kila kijiji, na akifika kwenye idadi ya watoto asome kilichoandikwa tu, kwa kuwa idadi ile ilipatikana baada ya kikao cha wazee kilichokwisha saa nane usiku. Mshereheshaji anaangalia saa, mchungaji anaangalia jua, na ukurasa na nusu unakwisha ndani ya dakika saba.

Baada ya hapo karatasi hupotea. Hukunjwa mfukoni mwa koti la aliyesoma, au huingia kwenye kundi la WhatsApp na kuzikwa chini ya salamu za asubuhi. Anna Mghwira na Kanumba hawatapungukiwa na wa kuwaandika. Lakini mpiga tumba wa baa, mtangazaji wa kwanza wa redio ya mtaani na manju wa ngoma za Kinyaturu walionunuliwa soda kila harusi kwa miaka thelathini, karatasi ile ndiyo maandishi pekee yatakayowahi kuwepo juu yao. Steshenari iliyochapa nakala za kusomea inaweza kutoa moja zaidi, ya kupelekwa maktaba ya mkoa au ofisi ya utamaduni ya manispaa, ikiwa na tarehe na jina la aliyeandika. Hilo la pili tumelisahau siku zote. Katika wasifu zote nilizowahi kusikia zikisomwa mjini hapa, majina ya ukoo mzima yametajwa, ila la mwandishi.