Kumgeuza Baba

Saa nane mchana, Mbagala, Dar es Salaam. Binti ananawa mikono, anaikausha kwa kanga safi, kisha anainama mpaka uso wake uwe usawa wa uso wa baba yake. "Baba, nakugeuza sasa. Tunakuja upande wa kulia." Kiharusi kimempooza mzee upande wa kushoto na kumpunguzia maneno, kwa hiyo binti anangoja atikise kichwa ndipo amguse.

Mzima hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hubaki pale pale: mfupa unaibana nyama juu ya godoro, damu haipiti, na mara nyingi madhara huanza ndani kabla ngozi haijafunguka. Joto la Dar huongeza jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Ndiyo maana nesi wa wodini alimsisitizia binti, kabla mzee hajaruhusiwa, amgeuze kila baada ya saa mbili.

Binti anakunja goti la kushoto la baba, unyayo ukae juu ya godoro. Mkono uliopooza anaulaza kifuani. Hauvuti kamwe, maana bega lisilo na nguvu huumia kirahisi. Kiganja kimoja kinapita nyuma ya bega, kingine kinashika nyonga, na mwili unakuja kwake polepole, bega na nyonga kwa pamoja.

Sasa mgongo uko wazi, anaukagua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo anapitisha mgongo wa kiganja juu ya kifandugu na nyonga akitafuta joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida. Penye mfupa hasugui. Anapangusa jasho, ananyoosha shuka hadi mkunjo wa mwisho, anaokota punje ya wali.

Mto wa kwanza unakaa nyuma ya mgongo. Mzee anauegemea kwa mwinamo wa nyuzi kama 30, uzito ukitua kwenye nyama ya tako. Binti anapenyeza mkono chini ya nyonga kuhakikisha mfupa haujakandamizwa. Mto wa pili unapokea mkono uliopooza, bega likiwa mbele na vidole vimekunjuliwa. Wa tatu unalala kati ya miguu, kutoka goti hadi kifundo. Kanga iliyokunjwa inainua shavu la mguu wa chini, kisigino kisiguse godoro.

Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, umri ukisawazishwa, kwa mwaka kiharusi kiliwapata watu wapatao 316 katika kila 100,000 jijini, na 109 wilayani Hai. Nyumba nyingi zinahitaji mikono ya namna hii.

Binti anafungua daftari: saa, upande, hali ya ngozi. Zamu ya usiku ni ya kaka yake, na mwandiko wake umejaa humo pia. Mgeni akija hataona kazi yao, kwa kuwa matunda yake ni ngozi iliyobaki nzima. Anayejua jinsi inavyolindwa atawaheshimu kama mafundi.