Weupe Unaokuja Taratibu

Farasi wa Lipizza hazaliwi mweupe. Huzaliwa mweusi au kahawia iliyoiva, hata asiyemjua mama yake angeapa kwamba ni mwana wa farasi mwingine. Kisha miaka huanza kazi yake. Nywele nyeupe hutokeza kwanza usoni. Ubavuni huchomoza madoa ya duara kama chapa za sarafu. Na afikapo miaka 6 hadi 10, amekuwa mweupe kote. Ngozi peke yake haibadiliki. Mmwagie maji, na weupe wake utageuka rangi ya wingu la mvua, kwa kuwa ngozi nyeusi ipo palepale chini ya nywele.

Johannesburg inawajua farasi hawa kwa sababu ya Kyalami, kaskazini mwa jiji, mahali ambapo jina lake la Kizulu lina maana ya "nyumbani kwangu". Wametoka mbali. Ukoo wao ulianza kufugwa Lipica, katika Slovenia ya leo, mwaka 1580. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kwisha, kabaila wa Hungaria, Elemér Jankovich-Bésán, alikimbia nao, akapitia Uingereza hadi Natal. George Iwanowski, ofisa wa zamani wa wapandafarasi wa Poland, ndiye aliyewafunza sanaa ya shule ya upandaji farasi ya Vienna. Uwanja wa Kyalami ukasifika kwa wapandaji wake wanawake, wakati Vienna yenyewe haikupokea wanafunzi wa kike hadi mwaka 2008.

Watazamaji huja kwa ajili ya muziki na miruko. Mimi moyo wangu uko kwa saisi, asubuhi bandani.

Farasi mweupe hafichi kitu. Alikolalia kinyesi kunaonekana, na vumbi jekundu la nyanda hizi za juu humganda hadi kwenye kope. Saisi huanza na brashi ya mpira, akizungusha mkono shingoni, begani, ubavuni, mpaka vumbi na nywele zilizokufa zipande juu. Kwenye mifupa ya miguu hulegeza mkono, maana hapo hakuna nyama ya kupokea uzito. Hufuata brashi laini, kwa mkono mrefu, kuelekea nywele zinakolala. Kila baada ya mipigo michache huikwangua ili asirudishe uchafu aliouondoa. Singa za shingoni huzitenganisha kwa vidole, akianzia nchani. Mkia haukimbizi kwa chanuo: unywele mmoja ukikatika, huchukua miaka kurefuka tena.

Kila aina ya farasi ina mkono wake. Mfrisia, mweusi kama wino, ana singa ndefu za mawimbi na manyoya yanayoshuka juu ya kwato, ambayo lazima yakaushwe vizuri ili ngozi isioze. Mwarabu ana ngozi nyembamba inayotetemeka brashi ikiwa ngumu. Huyu mweupe anadai jicho.

Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walieleza sababu ya weupe huo: kipande cha jeni kilichojirudia huzisukuma chembe zinazotengeneza rangi kuzaliana kwa haraka, hadi zinaisha kwenye nywele. Haraka hiyohiyo huzaa uvimbe mweusi kwenye ngozi, aghalabu chini ya mkia, kwa farasi wengi weupe waliozeeka. Ndiyo maana saisi mzuri, akiuinua mkia kuusafisha, hupapasa pia. Kivimbe kilichokuwa kama punje ya mtama anakikumbuka, na kikifikia ukubwa wa haragwe anamwita daktari.

Mafunzo ya dume huanza akiwa na umri wa miaka 4 hivi, na kukamilika kwake huhitaji kama miaka 6 mingine. Kwa hiyo rangi na elimu hukomaa karibu pamoja. Mtazamaji huviona vyote viwili kwa dakika chache. Saisi aliviona vikija, unywele kwa unywele, tangu asubuhi alipoweka brashi laini kwa mara ya kwanza mgongoni mwa mtoto mweusi, akaingoja ngozi iache kutetemeka.