"Kuchuja" na "Kuteua": Neno Moja Lililobebeshwa Kazi Mbili

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika vitabu vya kompyuta bila ya kupiga hodi ni kitenzi *kuchuja*. Tumekisoma hivi karibuni kijitabu kimoja cha mafunzo ya kanzidata, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana wa vyuo vya ufundi, nasi twakiri kwamba Kiswahili chake ni kizuri, chepesi, na mifano yake ni ya watu wanaoijua nchi. Sura moja tu ndiyo iliyotusimamisha. Humo mwandishi hutumia *kuchuja* kwa kazi ifanywayo na kanzidata yenyewe, na aya ya pili yake hulitumia neno lile lile kwa kazi ifanywayo na programu baada ya kupokea matokeo. Hatumlaumu yeye peke yake, kwani hata sisi katika tafsiri zetu tumelitumia neno hili kiholela, mahali popote tulipokuta habari ya kupunguza wingi wa safu.

Yafaa kwanza dhana zenyewe zitenganishwe. Tuchukue daftari la zahanati lililotiwa katika kanzidata, lenye safu 60,000, kila safu ikiwa ni ya mtoto mmoja. Muuguzi ataka orodha ya watoto ambao hawajapata chanjo ya pili ya surua. Njia ya kwanza ni kuandika sharti hilo ndani ya ulizo lenyewe. Kanzidata hutazama faharasa yake, kama msomaji atazamavyo faharasa ya kitabu, ikaziendea safu zinazohusika na kuzirudisha hizo tu. Njia ya pili ni kuulizia daftari zima, safu zote 60,000 zikasafiri katika mtandao hadi kwenye kumbukumbu ya programu, kisha programu ikazipitia moja moja na kuzitupa zisizotakiwa. Mwishowe muuguzi aweza kuona orodha ile ile katika kioo chake, ila katika njia ya pili majina na maradhi ya watoto wasiohusika yamekwisha toka mahali palipolindwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba huku ni kuchuja na kule ni kuchuja, atajuaje kwamba amechagua jambo kubwa?

Na Kiswahili hakikukosa neno, bali sisi ndio tulioliweka neno mahali pasipo pake. Mpishi hukuna nazi, akaitia maji na kuikamua, ndipo achujapo tui na kubaki na machicha. Mwenye kisima huchota maji, akayafikisha nyumbani, ndipo ayachujapo kwa kitambaa. Hatujamwona mtu achujaye maji yangali kisimani. Yaani *kuchuja*, katika matumizi ya wenye lugha, ni kazi ya kitu kilichokwisha chotwa, kilicho tayari mikononi mwa mchujaji, pamoja na taka zake. Maana hiyo yalingana barabara na kazi ya programu inayopitia matokeo iliyokwisha pokea. Hailingani hata kidogo na kazi ya kanzidata inayoleta kilichotajwa na kukiacha kingine mahali pake.

Kwa hiyo twapendekeza kazi ya kanzidata iitwe *kuteua*, na jina lake *uteuzi*. Kufikisha safu katika programu kuitwe *kuchota*. *Kuchuja* kubaki kwa kile kifanywacho ndani ya programu baada ya kuchota. Tumeyapima maneno mengine pia. *Kuchambua* kungefaa sana, maana achambuaye mchele hupitia chembe moja moja kama programu ipitiavyo safu, lakini neno hili limekwisha chukuliwa na elimu ya takwimu, na kulirudisha nyuma sasa ni kutafuta ugomvi. *Kupembua* kumefungwa katika *upembuzi yakinifu*. *Kuchekecha* ni neno zuri, nasi tulilipenda, ila hatukuona sababu ya kuleta chekecheke ilhali chujio tayari limo nyumbani.

Watakuwapo wasemao kwamba Kiingereza chenyewe hakina utengano huu, nasi twadai zaidi ya wenye fani. Tunajibu kwamba Kiingereza si mfano wa kuigwa katika jambo hili. Katika aljebra ya mahusiano, iliyoanzia katika makala ya E. F. Codd ya mwaka 1970, kuteua safu na kuteua safuwima ni matendo mawili yenye majina mawili. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM walipoieleza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa jina ikawa SQL, neno SELECT liliwekwa mahali pa kutajia safuwima, na kazi ya kuteua safu ikaachiwa neno WHERE. Tangu hapo walimu wa dunia nzima wamekuwa wakieleza kwamba SELECT ya vitabu vya aljebra siyo SELECT ya SQL. Hatuoni sababu ya kuazima tatizo hilo pamoja na mashine.

Tofauti ya mahali huzaa tofauti ya matokeo pia, na hapa ndipo kijitabu kiliponyamaza kabisa. Tuseme kijiji cha Mtakuja kimekwisha tembelewa, na muuguzi ataka watoto wa vijiji vingine vyote. Yuko mtoto ambaye nafasi ya kijiji chake haikujazwa. Kanzidata ya SQL, ikiulizwa kama kijiji cha mtoto huyo si Mtakuja, haijibu ndiyo wala siyo. Hujibu kwamba haijulikani, na safu isiyojulikana hairudishwi. Programu iliyoandikwa kwa JavaScript au Python, ikipewa sharti hilo hilo kwa namna ya kawaida, huona kwamba pasipojazwa si Mtakuja, ikaibakiza safu. Mtoto yule yumo katika orodha moja na hayumo katika nyingine, na huenda ndiye hasa ambaye hajatembelewa na mtu yeyote. Kadhalika ulizo likiwekewa ukomo wa safu 20 kwa kila ukurasa, na programu ikachuja baada ya hapo, ukurasa waweza kutoka na safu tatu, na mtumiaji akadhani watoto wamekwisha.

Liko jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo *kuchuja* hulibeba popote liendapo: halisemi ni kipi kibakicho. Mchuja tui hutaka kilichopita, na mchuja majani ya dawa pengine hutaka yaliyozuiwa. Mwanafunzi akiambiwa "chuja wadaiwa", abaki nao au awaondoe? Darasani tumeona majibu yote mawili, na kila mmoja alikuwa na haki. Twashauri basi kwamba *chuja* lisiachwe peke yake katika maelezo ya kazi, ila lifuatwe na *ubakize* au *uondoe*.

Isidhaniwe kwamba twaipiga marufuku kazi ya kuchuja. Orodha ya mikoa iliyokwisha pakiwa katika kumbukumbu haina haja ya kuulizwa tena kila mtumiaji abonyezapo kitufe. Tena yako masharti yasiyoweza kupimwa na kanzidata, kama vile maandishi yaliyosimbwa ambayo ufunguo wake umo katika programu peke yake. (Kuhusu *safu* na *safuwima*, tunajua kwamba wako watumiao *safu* kwa zote mbili, nasi tutalirudia jambo hilo siku nyingine, maana ni refu.)

Sentensi ya kijitabu iliyotufanya tuandike haya yasema: "Programu huchuja watoto wa kanzidata ili kupata wanaotakiwa." Sisi tungeiandika hivi: "Kanzidata huteua safu za watoto wa vijiji visivyotembelewa, pamoja na za wale ambao kijiji chao hakikuandikwa, programu huzichota safu hizo, huzifumbua namba za simu zilizosimbwa, kisha huchuja na kubakiza zile ambazo namba ya mzazi imekamilika."