Bastola na Vidole Vilivyochoka

Kaa kidogo kwenye karakana za samani za Keko, Temeke, umwangalie fundi akipiga randa. Haikamati kwa nguvu. Anailaza kiganjani, uzito wake wenyewe unakula ubao. Zana iliyoundwa vizuri humpunguzia mshikaji sehemu ya kazi, na ustadi huohuo nimeukuta ndani ya bastola chache zilizobuniwa zikimkumbuka mtu mwenye mikono dhaifu.

Chukua mama mwenye duka Mbagala, ambaye baridi yabisi imemkaza vidole. Leseni anayo, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Akienda kununua ataoneshwa bastola ndogo kuliko zote, ya kutosha mkobani, aambiwe hiyo ndiyo ya akina mama. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Risasi ikienda mbele, bastola hurudi nyuma, na iliyo nyepesi hurudi kwa kasi zaidi. Ruger LCP ina gramu 270 hivi. Smith & Wesson Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018, inakaribia gramu 525. Zote hupiga risasi ya .380, lakini ile ndogo humrudia mpigaji kwa kasi inayokaribia mara mbili. Uzito ule unaolemea mkobani ndio unaonusuru kifundo cha mkono.

Hata hivyo, kabla ya kupiga kuna kukoki, yaani kukivuta nyuma kifuniko cha juu cha bastola, na hapo ndipo vidole vingi hushindwa. Katika Walther PP ya mwaka 1929, mtutu umekazwa usisogee. Kifuniko cha juu kinazuiwa kurudi mapema na uzito wake pamoja na springi tu, kwa hiyo springi haina budi kuwa ngumu. Mmarekani John Browning alipita njia nyingine: mtutu na kifuniko vinashikamana, vinarudi pamoja milimita chache huku mgandamizo ukipungua, kisha mtutu unainama na kukiachia kifuniko. Springi ikapumzishwa. Ndiyo maana bastola ya milimita 9 ya mtindo huo huweza kukokiwa kwa urahisi kuliko .380 ya mtindo wa Walther. EZ imefuata njia ya Browning, na magazini yake ina kitufe pembeni: ukikishusha, springi inabanwa, risasi zinaingia bila kuumiza kidole gumba.

Waitalia wa Beretta waliondoa kabisa haja ya kukoki ile risasi ya kwanza. Katika bastola zao kadhaa ndogo, ukisukuma wenzo mdogo wa pembeni, mtutu unainuka upande wa nyuma. Unatia risasi kwa vidole viwili, unaushusha, basi.

Ninawaheshimu mafundi hawa kwa sababu hawakuulaumu mkono. Waliukubali ulivyo, wakarudi kwenye chuma na kukichonga upya hadi kikawa mpole.

Kwa hiyo mama wa Mbagala asiharakishe. Aombe bastola ikaguliwe kwamba haina risasi, aielekeze mahali salama, kidole kiwe mbali na kifyatuo, aikoki mara kumi taratibu. Mbili za kwanza kila mtu huziweza. Akifika ya kumi bila kukunja uso, hiyo ndiyo yake.